Namba ngapi sasa, mwalimu?

Dodoso la kupima kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha lilikuwa na maswali 20, kila moja unajipa alama 0 hadi 4 kwa hali yako ya mwezi uliopita: ndoto mbaya, kushtukashtuka, kukwepa yanayokukumbusha tukio. Nilipata 51. Mshauri, kijana wa rika la wanafunzi wangu wa mwanzo, akasema kuanzia 31 hadi 33 huwa wanaanza kuwa na wasiwasi na mtu, ila karatasi peke yake haitoi jibu. Akanihoji upya, taratibu.

Mashua ilituzamia msimu wa kusi tukitoka Msangamkuu, kwa mama, ng'ambo ya Mtwara mjini. Tuliokolewa wote. Tangu hapo, kwenda kwa mama nikawa nazunguka kwa bodaboda, njia ndefu ya kumaliza asubuhi nzima. Mama mdogo alishaamua ni mashetani ya baharini.

Kijana hakumbishia. Alinipa daftari niandike wazo lenyewe: “Nikipanda tena, nitakufa.” Naliamini kiasi gani? Asilimia 90. Ushahidi wa kulipinga? Nikakaa kimya, mimi niliyevuka maji yale tangu nabebwa mgongoni! Nikamuuliza mambo haya yametoka wapi (walimu tuna tabia hiyo), akanitajia Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 1960.

Tukapanga ngazi ya mambo ninayoyaogopa, kuanzia la kuogopesha kidogo. Siku ninayoikumbuka ni ya kukaa ndani ya mashua iliyofungwa kamba, maji yakiwa ya magotini. Shombo, jua la saa nne, wavuvi wakinikodolea macho.

“Namba ngapi sasa, mwalimu?” Hofu tuliipima kwa 0 hadi 100.

“85.”

“Achia ukingo.”

Vidole vilikataa. Nikafumba macho nikaanza dua. Akasema dua niombe, ila macho niyafumbue, niyaone maji. Nilimkasirikia kwelikweli, nikaona ananiingilia hata na Mola wangu. Baadaye ndiyo nikamwelewa: nikijificha, akili ingedhani kujificha ndiko kulikoniokoa.

Bado 85. Tukakaa. 70. Mvuvi mmoja akaanza kutuhadithia bei ya pweza, nikamjibu bila kujua naongea. 40. Sikuwa nimefanya lolote zaidi ya kubaki pale pale.

Siku ya kuvuka nilipanda kivuko. Mama alinikuta barazani kwake asubuhi mapema, akashangaa.

“Bodaboda gani hiyo inayokimbia hivyo, mwanangu?”