Majibu Mazuri

Mama mkwe kapiga simu kutoka Tanga na swali lake lilelile: kwani vipimo vya wakati wa mimba havikuonyesha huu ugonjwa wa Noonan wa binti yangu? Vilionyesha, mama, ila si hili.

Hapa Uingereza, ultrasaundi ya miezi mitatu hupima maji yaliyo chini ya ngozi nyuma ya shingo ya mtoto. Yakifika milimita 3.5 unapelekwa kwa mabingwa. Binti yangu alikuwa na 4.6. Wakachukua kipande kidogo cha kondo kwa sindano iliyopita tumboni. Sindano ndiyo niliyoiogopa, maana chini ya mmoja kati ya 200 hupoteza mimba. Siku chache baadaye wakasema hana Down, Edwards wala Patau, magonjwa ya kuzidi kwa kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Kipimo cha pili, kinachotafuta vipande vya kromosomu vilivyopungua au kuzidi, nacho safi. Mume wangu akapika pilau usiku uleule.

Hakuna aliyetudanganya. Ni kama kuhesabu magunia ghalani: yametimia, hakuna lililochanika, lakini mchele wa ndani, yaani jeni zenyewe, hujauona. Hitilafu ya binti yangu ni herufi moja tu iliyokosewa katika maandishi ya jeni iitwayo PTPN11, na ndiyo iliyoleta ugonjwa wa Noonan. Tulilijua jina hilo akiwa na miaka miwili, baada ya kunyonya kwa taabu, uzito kugoma na vali ya kupeleka damu mapafuni kukutwa imebana. Mimi na baba yake tukapimwa damu, hatuna. Mabadiliko yalianza kwake. Mama mkwe alilifurahia hilo kuliko lolote, maana alikuwa ameshaanza kuuliza habari za ukoo wetu.

Siku hizi kuna kipimo kinachosoma jeni zenyewe mtoto akiwa tumboni, hapa England tangu 2020, ingawa shingo nene peke yake mara nyingi haitoshi kukipata. Ningekitaka? Ningekitaka. Mimba ningeilea vilevile, ila moyo ungeangaliwa tangu wiki ya kwanza, na nisingeambiwa kila kliniki kwamba sijui kunyonyesha.

Vali imetulia, haijahitaji kutanuliwa kwa puto. Kimo ni kifupi, mdomo ni mrefu. Mwezi ujao anang'olewa jino, na nimemwomba daktari wa meno asubiri kwanza majibu ya kuganda kwa damu, maana baadhi ya watoto wa Noonan huvuja damu kwa urahisi.