Jinsi tulivyobatilisha makubaliano ya usuluhishi kwenye makao ya wazee

Mama alipotoka hospitali hapa Columbus, Ohio, baada ya kupata kiharusi, kaka yangu ndiye aliyempeleka kwenye makao ya wazee, na pale mapokezi akapewa kishikwambi atie saini kurasa moja baada ya nyingine huku Mama akingoja kwenye kiti cha magurudumu. Jioni niliisoma nakala. Kati ya fomu ya dawa na ya kufuliwa nguo palikuwa na makubaliano kwamba mgogoro wowote, hata wa uzembe uliosababisha jeraha au kifo, utaamuliwa faraghani na msuluhishi, bila jaji wala jopo la raia.

Nilimweleza Mama kwa Kiswahili. Akauliza, “Mwanangu, na wakiniangusha nikavunjika nyonga, nitamshtakia nani?”

Tangu Septemba 2019, kanuni za serikali ya shirikisho zinayakataza makao yanayopokea malipo ya Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali ya Marekani, ya kwanza hasa kwa wazee na ya pili kwa wenye kipato kidogo) kumshurutisha mtu akubali usuluhishi ndipo apokelewe au aendelee kutunzwa. Makubaliano yenyewe lazima yaelezwe kwa lugha anayoielewa mhusika, msuluhishi awe asiyeegemea upande na aliyekubaliwa na pande zote mbili, na yatamke wazi kwamba aliyetia saini anaweza kuyabatilisha ndani ya siku 30. Kanuni ya mwaka 2016 ilikuwa imeyapiga marufuku kabisa makubaliano yanayofungwa kabla mgogoro haujatokea, lakini mahakama ya shirikisho huko Mississippi iliizuia isianze kutumika, na kwa maoni yangu wazee walipoteza kinga kubwa siku hiyo. Sipingi usuluhishi wenyewe, kwani kwetu mengi humalizwa mbele ya wazee wa ukoo. Ila hao huitwa jambo likishatokea na kila mtu anajua kinachozungumzwa, si wakati mgonjwa anasubiri kitanda.

Barua tuliyoandika ilikuwa fupi: jina la Mama, tarehe ya saini ya kaka, jina la waraka, na maelezo kwamba tunabatilisha makubaliano ya usuluhishi peke yake, mkataba wa makazi ukibaki kama ulivyo. Mama alitia saini kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado haujapata nguvu, na kaka akatia yake chini yake. Afisa wa mapokezi alisema familia nyingi hutia saini tu na kuendelea na mambo yao; nikamwonyesha kwa adabu ule mstari wa siku 30 katika waraka wao wenyewe, akaenda kumwita meneja. Nilimwomba meneja agonge muhuri wa tarehe kwenye nakala yangu, na nakala nyingine nikaituma kwa rejista ya posta ili pasiwe na ubishi baadaye. Mama hakuhamishwa chumba, wala mazoezi yake ya mkono hayakukatizwa.