Anawashwa au hawashwi? Ninavyotambua magonjwa ya ngozi ya ng'ombe wangu

Ng'ombe akianza kunyonyoka manyoya, sikimbilii dawa. Nasimama pembeni ya banda nimtazame kwa muda. Je, anajisugua kwenye nguzo? Anajilamba sehemu ileile? Mwenye chawa au ukurutu hatulii, lakini mwenye choa hula na kucheua kama hana habari na mabaka yake. Jibu la swali hilo moja huniondolea nusu ya mashaka.

Lilinifaa sana msimu ule ndama wangu walipoota mabaka ya kijivu, ya mviringo, kuzunguka macho na masikio. Jirani, mfugaji wa siku nyingi, alinishauri niwachome ivermectin wote. Nilimheshimu kwa umri wake lakini sikuichoma. Dawa ile huua minyoo, utitiri na baadhi ya chawa. Fangasi haiwagusi kabisa, na choa ni fangasi. Ndama hawakuwa wanajikuna, na vigaga vyao vilikuwa vikavu kama majivu.

Kwa hiyo nilivaa glavu, maana choa humwambukiza binadamu pia, nikalainisha vigaga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikavisugua taratibu kwa brashi. Vilivyodondoka nilivikusanya na kuvichoma moto. Kisha nikapaka tinktura ya ayodini kila siku mwanzoni, baadaye kwa kuachia siku kadhaa, nikiwa mwangalifu karibu na macho. Choa mara nyingi hupona chenyewe ndani ya miezi miwili hadi minne, kwa hiyo kazi kubwa zaidi ni kuzuia kisisambae. Nguvu nyingi nilizitumia kwenye banda: mbegu za fangasi hawa huweza kukaa kwenye mbao kwa miaka, na hakuna faida ya kumtibu ndama kisha kumrudisha kwenye hori lilelile chafu. Nilisugua mbao na kuwatoa ndama juani kila siku.

Kwa ng'ombe mkubwa aliyekuwa akijisugua shina la mkia hadi ngozi ikawa nene yenye mikunjo, hali ilikuwa nyingine. Daktari wa mifugo alikwangua ukingo wa kidonda mpaka damu ikachungulia, akatazama kwenye hadubini, akaona utitiri, vijidudu wanaoleta ukurutu. Hapo ivermectin ilikuwa mahali pake: ile ya asilimia 1, mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito, chini ya ngozi. Wote waliolala naye walitibiwa, hata waliokuwa bado wazima wa ngozi. Ila wale wanaokamuliwa hawakuchomwa, kwa kuwa ivermectin ya sindano haifai kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa. Daktari aliwachagulia eprinomektini ya kumwaga mgongoni baada ya kusoma lebo yake kuhusu maziwa.

Chawa nawatafuta kwa kupasua manyoya ya shingo na mgongo mahali penye mwanga. Ukiona mayai yamenata kwenye nywele, basi ndio. Dawa hairudiwi kwa kubahatisha. Mayai hayafi, kwa hiyo dozi ya pili nailenga baada ya wiki mbili hivi, yakishaanguliwa.

Mvua zinapokolea, natazama mgongo. Manyoya yakigandamana kuwa vishungi vinavyong'oka pamoja na kigaga, chini pakabaki pekundu na majimaji, hao ni bakteria Dermatophilus. Ngozi iliyolowa muda mrefu ndiyo mlango wao, na kupe huuongezea upana. Oksitetrasaiklini ya muda mrefu, miligramu 20 kwa kila kilo, ilifanya kazi, lakini naamini kuziba paa lililovuja na kudhibiti kupe kulichangia si haba.

Chunjua za mitamba huwa naziacha. Nyingi hupotea zenyewe.

Kitu ambacho sijaribu kukitibu peke yangu ni uvimbe mgumu, wa mviringo, wa sentimita 2 hadi 5, unaotapakaa mwili mzima. Kwanza natumia kipimajoto. Homa ikizidi nyuzi 40, tezi za mbele ya bega zikavimba na maziwa yakapungua ghafla, namtenga ng'ombe na kumwita daktari siku hiyohiyo, kwani huenda ni mapele ngozi. Ni virusi, havimwambukizi binadamu, na husambazwa na wadudu wanaouma. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Zambia mwaka 1929 na umeshavuka hadi Asia na Ulaya. Kinga yake ni chanjo inayotolewa kabla haujaingia. Antibayotiki husaidia tu vidonda visioze. Uvimbe laini uliojitokeza ndani ya saa chache na kuisha kesho yake si huo. Huo ni mzio.

Na yupo mmoja, mwenye mabaka meupe na meusi, aliyebambuka ngozi sehemu nyeupe tu, nyeusi ikabaki salama. Hapo si vimelea, ni jua: kuna mimea ya malisho, lantana mojawapo, inayodhuru ini na kuifanya ngozi isiyo na rangi iungue. Nilimhamishia kivulini, nikamwondoa kwenye malisho yale, na damu yake ikapimwa ili kujua hali ya ini.