Hotuba ya Tilbury na wasichana wangu wa mdahalo

Ninapowaandaa wasichana wa kidato cha tano kwa mdahalo hapa Tanga, naanza na hotuba ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza kwa askari waliopiga kambi Tilbury, kando ya mto Thames, Agosti 1588. Philip wa Pili wa Hispania alikuwa ametuma merikebu zipatazo 130. Waingereza walikwisha kuzitawanya karibu na Gravelines, pwani ya kaskazini ya Ufaransa ya leo, siku chache nyuma, lakini hofu haikuwa imeisha: jeshi la Mtawala wa Parma, jemadari wa Philip, lilikuwa bado ng'ambo ya bahari, Flanders, na huenda lingevuka.

Maneno yenyewe tumeyapata kwa barua ya kasisi Leonel Sharp, aliyoiandika miaka mingi baadaye, na wapo wanaoyatilia shaka. Mimi nayafundisha, maana yamepangwa kwa akili nyingi.

Safari hii nilimsimamisha binti mmoja asome kwa sauti. Alipofika pa "Najua nina mwili wa mwanamke, dhaifu na mnyonge," akasita, akashusha daftari.

"Madam, mbona anajidhalilisha mbele ya wanaume?"

Swali zuri mno. Nikamwambia, mwanangu, hebu jiweke pale. Maelfu ya wanaume wamesimama na silaha zao, na wengi wanawaza lilelile: huyu mwanamke atatufikisha wapi? Akilinyamazia, watabaki nalo kichwani mpaka anamaliza. Amelitaja mwenyewe kabla hawajalinong'ona, limekwisha nguvu. Hapohapo anaongeza, "lakini nina moyo wa mfalme, tena mfalme wa Uingereza." Rudia, na kabla ya "lakini" vuta pumzi. Akarudia. Darasa zima likapiga meza.

Wengi huishia hapo. Mimi kinachonigusa zaidi ni maneno ya mwanzoni kabisa. Anasema wapo waliomwonya asijichanganye na umati wenye silaha, asije akasalitiwa, naye amekuja vilevile kwa sababu hataki kuishi akiwashuku watu wake waaminifu. Hapo hajawaomba chochote bado. Amewaamini kwanza, mbele ya wenzao, na askari aliyeaminiwa hadharani namna hiyo ataona haya kukimbia.

Kisha anafika kwenye ujira: anaahidi, kwa neno la mtawala, kwamba watalipwa stahili yao. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye kwao ni wavuvi wa Sahare, akanyoosha mkono.

"Na walilipwa?"

Sikuficha. Kambi ilivunjwa upesi, gharama zipungue. Mabaharia waliopigana walikufa wengi kwa maradhi wiki zilizofuata, malipo yao yamecheleweshwa, na amiri wao, Lord Howard, akaandika kwa uchungu jinsi watu waliotumika kwa ushujaa walivyokuwa wakifa vibaya. Linaniuma kila ninapolisimulia. Ufasaha ule wote, na mwenye njaa hakupata chake.

Mmoja wa wasichana wangu anagombea udada mkuu mwaka huu. Katika hotuba yake alikuwa ameandika kwamba maji hayatakatika tena bwenini. Tulikaa naye baada ya kipindi mpaka akaufuta mstari ule, akaandika analoliweza: kila Jumatatu atapeleka malalamiko ya wenzake kwa matroni, na atawarudishia majibu, hata yakiwa mabaya.