Taa za banda la kuku, wiki ya tatu: betri ya 12 si 12

Wiki jana nilijigamba hapa kwamba taa zinawaka, kilichobaki ni kufunga swichi tu. Jumanne jioni naingia bandani, mstari wa katikati giza totoro.

Kwa aliyechelewa: nina betri ya pikipiki, paneli ndogo ya sola na kontrola yake (ndiyo inayosimamia kuchaji), na LED nyeupe tisa, vile vitaa vidogo. Nimeziunga tatu tatu kwa mfuatano (moja nyuma ya nyingine), kisha mistari hiyo mitatu sambamba (kila mmoja na njia yake kwenye betri). Hesabu niliipiga kwenye kifuniko cha boksi la viatu. LED moja inakula volti 3.1, tatu ni 9.3. Betri nilipima 12.6, kwa hiyo zinabaki 3.3 za kubebwa na rizista ya kila mstari, kile kifaa kidogo cha kubana mkondo. Nikitaka mkondo wa miliampea 20, nagawa 3.3 kwa 0.02, napata omu 165 (kipimo cha ukinzani, yaani jinsi rizista inavyobana mkondo). Dukani nikapata 180 (pete zake za rangi: kahawia, kijivu, kahawia), mkondo ukawa kama 18. Kwenye boksi la viatu kila kitu kilikuwa sawa.

Wa kwanza kulaumiwa alikuwa panya. Waya nimeufuata kwa tochi mwanzo mwisho, mzima. Nikashuku lehemu yangu, ambayo kusema kweli haivutii macho, nayo imeshika. Mwishowe nikachomoa LED moja moja na kuzigusisha betri bapa ya volti 3. Ya pili kimya. Zikiwa kwenye mfuatano, moja ikikatika wenzake nao wanakosa njia. Ila hao wenzake nao walikuwa wamefifia, na hapo ndipo niliposhtuka.

Nikaenda kwa fundi redio wa mtaani. Taa hata hakuziangalia.

"Mwanangu, betri uliipima saa ngapi?"

"Asubuhi mzee, jua halijapanda."

"Kaipime saa saba mchana."

Alhamisi nimepima: 14.4. Kontrola inachaji, na mimi bila swichi nimeacha taa zinawaka mchana kutwa. Toa 9.3, zinabaki 5.1. Gawa kwa 180: miliampea 28!

Hapa nilikaa nikakodolea macho lile boksi. Betri imepanda volti 1.8 tu, mkondo umeongezeka zaidi ya nusu. Kumbe LED hazigawani ile nyongeza. Zenyewe zinang'ang'ania pale pale karibu na 3.1, na karibu nyongeza yote inaiangukia rizista. Volti zake zikitoka 3.3 kwenda 5.1, mkondo nao unapanda kwa kiasi hicho hicho. Balbu ya zamani ingevumilia, maana uzi wake ukipata moto ukinzani unaongezeka. Na dalili nilikuwa nayo: wiki jana niliigusa rizista nikaona ina joto, nikasema labda ni bati la juu.

Jana nimeng'oa rizista zote tatu na kuweka 270 (nyekundu, zambarau, kahawia). Sasa saa ya kuchaji napata miliampea 19, usiku 12. Mwanga wa usiku umepungua kidogo, lakini vifaranga wanauona mtama vizuri tu. LED tatu za mstari wa katikati nimebadilisha zote, sikutaka kuchanganya wazima na wagonjwa.

Swichi nimenunua. Nitaifunga Jumamosi mama akitoka sokoni, kwa sababu kuku ni wake na anataka iwe nje ya mlango, usawa wa mkono wake, si wangu.