Mchanga kwenye rangi

Agosti 1999, shule zimefungwa, nikapata kibarua cha kumbebea vitu mama mmoja Mjerumani, mchoraji, alikuwa amepanga nyumba Shela, kijiji cha kisiwani Lamu. Kila asubuhi natoka Amu mjini (ndiyo Lamu) kwa miguu, napita ufuoni, kama dakika arubaini hivi maji yakiwa yametoka, yakijaa basi unavua viatu unajibana ukutani na suruali inalowa tu.

Shela ilishazoea wageni. Peponi hoteli ipo tangu 1967, mahipi wakaja miaka ya 70, halafu magofu ya mawe yaliyokuwa ya popo na punda yakaanza kununuliwa moja moja, wachoraji, wapiga picha, matajiri wa Ulaya. Na wazee wetu hapo hapo wanaswali msikiti wa Ijumaa wa 1829, ule wa mnara uliochongoka, na ukipanda vilima vya mchanga wanakwambia angalia usikanyage mifupa, ya wale waliotoka Mombasa na Pate kuja kuipiga Amu wakatandikwa vibaya sana.

Siku hiyo alichora huo mnara. Kusi linavuma sikwambii, na mimi ndo nimebeba picha bado mbichi, nimeishika kwa vidole kama sinia la moto, mara upepo ukaijaza kama tanga ikanitoka, puu, kifudifudi mchangani. Nikajua shilingi 200 zangu zimekwenda. Kuinua, mnara wote punje punje kama mkate wa ufuta. Yule mama akaangalia weee, akacheka, akaniambia nisipanguse.

Akaenda kuitundika chumba cha ndani, hivyo hivyo na mchanga wake. Sikumwambia kitu lakini nyumba ile naijua, bibi yangu alizaliwa mle, wajomba waliiuza ikiwa gofu, pesa yenyewe ilitosha mashine ya boti tu (na boti ilizama, hiyo hadithi nyingine).

Usiku bibi akaniita. "Ndoo hapa. Vidaka viko?"

Nikamwambia viko vyote, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo, ukuta mzima.

"Vina sahani?"

Nikasita. "Vina mishumaa bibi. Na chupa za mvinyo."

"Astaghfirullah." Akanyamaza, akaendelea kusuka ukili wake, nikadhani yameisha. "Na chokaa, wameipaka upya?"

"Nyeupe pe."

"Haya, afadhali."