Nilivyomsaidia mdogo wangu kujiandikisha mtihani wa kupulizia mimea dawa huko Marekani

Mimi nauza dawa za kupulizia mimea Kadutu, hapa Bukavu, Kongo. Mdogo wangu yuko Marekani, kapata kazi kwenye kampuni inayotunza bustani za nyasi za watu, na bosi kamwambia bila cheti hapulizi dawa. Akanipigia, akaniita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu: "Yaya, wewe ndiye unajua dawa. Hii fomu yao inanishinda."

Nilimwambia asihangaike na EPA, shirika lao la mazingira. Hiyo ni ya serikali kuu, inaweka masharti tu: uwe umetimiza miaka 18, uonyeshe kitambulisho, ufanye mtihani bila kufungua kitabu. Anayeandikisha ni jimbo, na mara nyingi ni idara yake ya kilimo. Tukaingia kwenye tovuti ya jimbo lake, yeye huko, mimi huku na mega zangu za intaneti za kuhesabu. Fomu inauliza kwanza: unapulizia shamba lako, au unawafanyia watu kwa malipo? Yeye ni wa pili. Halafu mitihani ni miwili, wa misingi na wa fani. Akachagua nyasi na mimea ya mapambo.

Jina ndilo lilitula muda. Sisi Wakongo tuna jina, postnomu (jina la pili linalofuata jina) na prenomu (kama Jean au Marie). Wao wana visanduku vya jina la kwanza, la kati na la ukoo. Akanitumia picha ya leseni yake ya udereva kwa WhatsApp: postnomu imegandishwa na jina, neno moja refu lisilo na nafasi. Nikamwambia aandike vile vile, herufi kwa herufi. "Lakini Yaya, hilo si jina langu!" Najua. Ila msimamizi wa mtihani anatazama kadi, hajui mama alikuitaje. Kurekebisha leseni ni safari nyingine. Akanung'unika, akaandika, akalipa kwa kadi yake.

Kusoma hakukumtisha, hesabu ndizo zilimtisha. Huku pompi ya mgongoni tunaihesabu kwa lita; lebo za huko zinadai aunsi kwa kila futi za mraba 1,000, ambazo ni kama mita za mraba 93. Badala ya kumkaririsha, nilimwambia aazime pompi, atie maji matupu, apime eneo hilo uani kwake na apulizie kwa mwendo wa kazini. Nusu galoni ikaisha. Basi tangi la galoni 4 linatosha futi 8,000, na lebo ikidai aunsi 3 kwa kila 1,000, unatia 24. Hapo akacheka, kumbe ni hesabu zile zile za kupulizia viazi vya baba, vipimo tu ndivyo vigeni.

Mtihani wa misingi kaufaulu. Wa nyasi tarehe yake bado, na kila jioni ananitumia picha ya lebo nyingine.